Pete ya Chuma na Mugumo wa Thika: Nani Mwenye Haki ya Kumaliza Hadithi?

Hakuna marefu yasiyo na ncha, hunena Waswahili. Ni kauli nyepesi kuitamka lakini nzito kuitekeleza, hasa kwa wale ambao riziki yao hutoka katika hadithi. Mwenye kituo cha televisheni huiogopa ncha kwa kuwa hukata matangazo ya biashara. Mwigizaji huiogopa kwa kuwa baada yake hana kazi. Na mtazamaji, ambaye ndiye hulipia yote hayo kwa saa za usingizi wake, huiogopa kwa kuwa watu aliowazoea watamtoka. Tamthilia ya Kimarekani iitwayo Supernatural iliikwepa ncha yake kwa miaka 15. Ilianza kuonyeshwa tarehe 13 Septemba 2005 na ikatamatika tarehe 19 Novemba 2020, baada ya misimu 15 na vipindi 327. Makala haya yanauangazia msimu wa mwisho. Dai lake ni kwamba msimu huo, licha ya dosari zake ambazo si haba, ulithubutu kuuliza swali ambalo riwaya ya Kiswahili imekuwa ikiliuliza tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990: hadithi ikifika mwisho, nani mwenye haki ya kuimaliza?

Yamkini atatokea msomaji atakayehoji iwapo mambo haya yana nafasi katika jarida la chama cha Kiswahili. Jibu analo mwenyewe, ikiwa amewahi kuishi katika mabweni na vyumba vya kupanga vilivyojipanga kando ya barabara ya Thika, kuanzia Kahawa Wendani kupitia Ruiru na Juja hadi Thika mjini. Kwa miaka mingi karibu kila kituo cha matatu katika njia hiyo kilikuwa na duka la filamu. Mwanafunzi aliingia na takriban shilingi 50, akatoka na diski yenye msimu mzima. Baadaye diski zikapitwa na wakati, mteja akawa anakuja na flashi yake, muuzaji akamnakilia. Hivyo ndivyo ndugu wawili wa Kansas, Sam na Dean Winchester, walivyopata makao Ruiru. Waliwajua waliosomea uhandisi na waliosomea biashara. Waliwajua pia waliosomea Kiswahili, ila hawa walikuwa na tabia ya ajabu: usiku walitazama pepo na mazimwi hadi alfajiri, na asubuhi wakaketi darasani kujadili mazimwi ya ngano kana kwamba ni viumbe wa sayari nyingine. Irimu wa hadithi za Agikuyu husemekana kuwa na mdomo wa pili kisogoni. Mwanafunzi wa fasihi naye ana midomo miwili, na hajawahi kuiruhusu izungumze.

Kwa faida ya asiyeijua, kisa chenyewe ni hiki. Mama wa watoto wawili wa kiume anauawa na pepo katika moto. Baba yao anageuka kuwa mwindaji wa viumbe wa giza, na anawalea wanawe barabarani, katika gari jeusi aina ya Chevrolet Impala la mwaka 1967. Wavulana wanapokua wanairithi kazi hiyo. Kila wiki wanafika katika mji mdogo, wanakuta kizuka au mnyonya damu, wanampiga vita, wanaondoka. Mtu aliyelelewa kwa visa vya majini wa Pwani, au vya wafu wasiolala kwa sababu hawakuzikwa ipasavyo, hakuhitaji mkalimani. Chumvi ya kuwazuia mizimu, mifupa ya kuchomwa ili marehemu atulie, mapatano kwenye njia panda: hayo yote yalikuwa na harufu ya nyumbani, ingawa yaliletwa na watu wenye lafudhi ya Kimarekani na sinema ilipigwa Vancouver, Kanada.

Muumba wa tamthilia hiyo, Eric Kripke, alikuwa amepanga hadithi ya misimu mitano. Akaitimiza. Mwezi Mei 2010, katika kipindi kiitwacho Swan Song, Sam anajitupa shimoni pamoja na Shetani aliyemwingia mwilini ili ulimwengu usalimike. Huo ulikuwa mwisho kamili na mchungu, tena wa haki. Ila hadhira ilikuwa bado ipo na matangazo yalikuwa bado yananunuliwa. Kripke akang'atuka katika uongozi wa tamthilia, Sam akatolewa shimoni, na kazi ikaendelea kwa miaka kumi mingine.

Hapa wakazi wa Thika wana mfano wao, tena ni wa kale kuliko televisheni yenyewe. Yasimuliwa kwamba Mugo wa Kibiru, mtabiri wa Agikuyu aliyeona ujio wa wageni wenye ngozi iliyopauka kabla hawajafika, alitabiri pia kuondoka kwao: utawala wao ungekwisha siku ambayo mugumo mkubwa wa Thika ungeanguka. Wakoloni walizipata habari hizo. Wao waliokuwa wakiwacheka Waafrika kwa kuamini miti, inasimuliwa kwamba waliuzungushia mti huo pete ya chuma ili usianguke. Mugumo ukaanguka mwaka 1963, wengine wakisema ulipigwa na radi, na tarehe 12 Disemba mwaka huo huo Kenya ikapata uhuru. Mahali uliposimama pamehifadhiwa, na hadi leo huitwa Mugumo Gardens.

Kisa hiki huhadithiwa kama hadithi ya utabiri uliotimia. Kina upande mwingine usiotajwa mara nyingi, nao ni ile pete. Ilikuwa ni jaribio la kuizuia hadithi isiishe kwa kuushikilia mti. Na misimu kumi iliyofuata mwaka 2010 katika Supernatural ilikuwa pete ya aina hiyo. Mti ulikuwa umekwisha kuanguka katika maana zote za kisanaa. Kilichoushikilia ni chuma cha biashara. Pepo wakawa wengi hadi wakakosa kutisha. Wahusika walikufa na kufufuka mara nyingi kiasi kwamba mtazamaji alipoona jeneza aliinuka kwenda kuchemsha chai. Si kwamba hapakuwa na vipindi vizuri katika muda huo. Vilikuwapo, na vingine vilikuwa bora kuliko vya misimu ya awali. Lakini hadithi yenyewe ilikuwa imepoteza haki ya kuogopesha, kwa sababu hadithi isiyoweza kuisha haiwezi kumpoteza mtu yeyote.

Msimu wa 15 ndio ulioigeukia pete na kuitaja kwa jina. Namna ulivyofanya hivyo inahitaji maelezo kidogo. Katika msimu wa nne, mwaka 2009, ndugu hawa walimkuta mlevi mmoja aitwaye Chuck, mwandishi wa riwaya za bei nafuu. Riwaya hizo zilikuwa zinasimulia maisha yao, neno kwa neno, hadi yale waliyoyasema wakiwa peke yao garini. Wakati huo ilielezwa kwamba Chuck ni nabii. Katika msimu wa 11, mwaka 2016, ikafichuka kwamba ni Mungu mwenyewe. Na mwishoni mwa msimu wa 14, mwaka 2019, likaja la kuhuzunisha zaidi: kila balaa lililowapata Winchester, kila kifo na kila mzazi aliyeteketea, lilikuwa limetungwa naye kwa sababu anafurahia kuwatazama. Walipokataa kutenda mwisho aliokuwa amewaandikia, alikasirika, akayafungua makaburi yote, na roho walizokuwa wamezituliza kwa miaka 14 zikarudi.

Mtu anaweza kuliona jambo hilo kama ujanja wa waandishi waliochoka, na si vigumu kulielewa dai hilo. Lakini atazame kipindi cha nne cha msimu huo, Atomic Monsters. Chuck amepoteza sehemu ya nguvu zake, naye anakwenda nyumbani kwa Becky, mwanamke aliyekuwa shabiki mkubwa wa vitabu vyake. Becky sasa ana mume na watoto, na bado anaandika visa vyake mwenyewe kuhusu Sam na Dean, visa ambamo ndugu hao wanakaa nyumbani na kuongea tu. Chuck anaandika kisa na kumpa akisome. Becky anakihakiki kama ambavyo mhadhiri mwema angefanya: hakuna hatari ya kweli, adui ni dhaifu. Chuck anaketi tena, anaandika mwisho wa kutisha, na Becky anapousoma anamsihi asiutumie. Jibu la Chuck ni kuwafuta watu wa nyumba hiyo, kisha Becky mwenyewe, kwa kupiga kidole. Kisha anaendelea kuandika.

Ndani ya dakika chache hizo kuna nadharia nzima ya uhusiano wa mtunzi na hadhira. Chuck anataka msomaji, ila msomaji wa kumsifu tu. Anataka wahusika wenye hiari, maana wasio na hiari hawapendezi kuwatazama, lakini anataka hiari yao iishie pale alipoamua yeye. Anapoumba ulimwengu usiomridhisha huuita rasimu na kuuangamiza na wote waliomo. Msomaji wa Afrika Mashariki hawezi kuutazama uso huo bila kuwakumbuka watu fulani wa siasa ambao nao waliamini kwamba nchi ni muswada wao.

Kuna wanaoiona sehemu hii kuwa kufuru tupu. Thika na Ruiru ni miji ya makanisa na mikesha, na wapo wanafunzi waliozima kompyuta zao pale Mungu alipofanywa adui, wakaapa kutorudi. Msimamo wao unastahili heshima, kwa kuwa angalau wao waliichukua hadithi kwa uzito kuliko wale walioendelea kutazama huku wakila chipsi. Hata hivyo, Chuck hana chochote kinachofanana na Mungu anayeabudiwa katika makanisa hayo. Hana upendo, hana hukumu, wala hana siri. Alicho nacho ni kalamu na kiburi. Yeye ni mwandishi aliyevikwa joho la uungu, na shutuma zote za msimu huo zinamwelekea mwandishi.

Isitoshe, fasihi ya Kiswahili ilikwisha kupita njia hii, tena kwa ujasiri uliozidi wa televisheni. Euphrase Kezilahabi alichapisha Nagona mwaka 1990 na Mzingile mwaka 1991. Katika Mzingile msimulizi anafunga safari ngumu ya kumtafuta mzee mmoja ili ampashe habari za kifo cha mwanawe, na kadiri safari inavyoendelea msomaji anatambua kwamba mzee huyo ana dalili zote za Muumba, lakini Muumba aliyejitenga na aliowaumba. Said Ahmed Mohamed naye, katika Babu Alipofufuka ya mwaka 2001, alimtoa marehemu kaburini ili amtembeze mjukuu wake na kumwonyesha uozo alioshiriki kuutenda. Kyallo Wadi Wamitila akaandika Bina-Adamu! mwaka 2002, safari nyingine ya mazingaombwe ndani ya kijiji cha utandawazi. Wahakiki waliziita kazi hizi za uhalisiamazingaombwe, wakaziwekea rafu yao, na tangu hapo mwanafunzi wa kawaida huzijua kwa kuogopa mtihani. Ajabu ni kwamba mwanafunzi huyo huyo, akiulizwa ndani ya matatu ya 237 kama Winchester wangeweza kumshinda aliyewaandika, ana maoni ya kutosha kumfikisha Nairobi.

Tofauti iliyopo kati ya Chuck na fanani wa Kiswahili inadhihirika katika namna wanavyofunga masimulizi. Fanani wa jadi anapomaliza hadithi yake hukabidhi: ikiwa nzuri huwa ni ya wote, na ikiwa mbaya, ubaya anaubeba yeye peke yake. Katika desturi hiyo mwisho ni tendo la unyenyekevu. Mtambaji anajitoa, hadhira inabaki na hadithi, na kesho mtoto yeyote anaweza kuitamba upya kwa namna yake. Chuck hufanya kinyume chake. Hadithi ikiwa nzuri ni yake, na ikiwa mbaya, wahusika ndio walioiharibu.

Kisha mambo ya dunia yakaingilia. Msimu ulisimama baada ya kipindi cha 13, kilichoonyeshwa tarehe 23 Machi 2020, upigaji picha ukiwa umekwisha kusimamishwa kwa sababu ya Korona na vipindi viwili vya mwisho vikiwa havijapigwa. Nchini Kenya mgonjwa wa kwanza alikuwa ametangazwa tarehe 13 Machi. Siku mbili baadaye Rais Uhuru Kenyatta aliamuru taasisi za elimu zifungwe, na vyuo vikuu vikapewa hadi mwisho wa wiki hiyo kuwatoa wanafunzi. Mabweni ya Ruiru na Juja yakabaki matupu. Tarehe 6 Aprili ikatangazwa marufuku ya kuingia na kutoka katika eneo la jiji la Nairobi na viunga vyake, na upande huu mpaka ukawekwa kwenye daraja la mto Chania, hapo hapo Thika. Daraja ambalo watu walikuwa wakilivuka kwenda sokoni bila hata kulitazama likageuka kuwa mwisho wa dunia. Marufuku hiyo iliondolewa mwezi Julai. Tamthilia ilirejea tarehe 8 Oktoba kumalizia vipindi saba vilivyobaki, na wanafunzi wengi walivitazama wakiwa bado kwa wazazi wao, katika simu, bandali zikihesabiwa kama dhahabu.

Katika muda huo wa ukimya, tarehe 10 Aprili 2020, Ken Walibora alifariki ghafla jijini Nairobi. Habari zilichukua siku kadhaa kuwafikia wapenzi wake. Kizazi kizima kilikuwa kimejifunza kuipenda riwaya ya Kiswahili kupitia Siku Njema ya mwaka 1996, na kingine kupitia Kidagaa Kimemwozea. Wengi waliokuwa wamefungiwa ndani hawakuweza hata kumsindikiza. Kilichowauma zaidi, pamoja na msiba wenyewe, ni kwamba kifo kile hakikulingana na mtu. Kilikuja barabarani, siku ya kawaida, kikamkatiza katikati ya kazi. Mtunzi yeyote aliyemjua asingekiandika hivyo.

Hilo ni la kukumbukwa linapokuja suala la kipindi cha mwisho, ambacho ndicho kilicholaumiwa kuliko vyote. Chuck anashindwa katika kipindi cha 19. Kijana Jack, mwana wa Shetani aliyelelewa na ndugu hao, anazitwaa nguvu zake zote. Chuck yuko chini, anatarajia kuuawa, na kwa hakika anakitamani kifo hicho, kwa kuwa kufa mikononi mwa Dean ni mwisho wenye fahari. Wanamnyima. Wanamwacha awe mtu wa kawaida atakayezeeka, ataugua na kusahauliwa. Mwandishi anaadhibiwa kwa kufanywa mhusika. Ni hukumu ya busara mno, na laiti tamthilia ingekomea pale hadhira ingeondoka imeshiba.

Haikukomea pale. Katika kipindi cha 20, Carry On, ndugu hao wapo huru kwa mara ya kwanza. Wanafua nguo, wanamtunza mbwa, wanakwenda kwenye maonyesho ya pai. Kisha wanaingia ghalani kupambana na wanyonya damu wachache, kazi ambayo wangeifanya wakiwa wamefumba macho, na Dean anasukumwa kwenye nguzo na kuchomwa mgongoni na nondo iliyochomoza. Anakufa hapo, akizungumza na nduguye. Mtu aliyewahi kumkabili Mungu anauawa na chuma cha ujenzi. Watazamaji wengi walighadhibika. Walisema ni kifo cha bure, kwamba miaka 15 haikustahili kuishia katika ajali.

Lakini ajali ndiyo hasa iliyostahili. Kabla ya hapo kila kifo cha Dean kilikuwa na maana kwa sababu kilikuwa na mwandishi, na kwa sababu hiyo hiyo hakikuwahi kudumu. Mwandishi alipoondolewa, maana aliyokuwa akiipachika iliondoka naye, na kilichobaki ni ulimwengu wetu huu, ambamo nondo ni nondo. Anayeishi Ruiru anazijua vyema. Kuna kiwanda kikubwa cha kuzitengeneza papo hapo mjini, na juu ya nusu ya majengo ya ghorofa zinaonekana zimesimama wima, zikingoja ghorofa ijayo ambayo mwenye jengo bado anaitafutia fedha. Hazimtabirii mtu lolote. Kuwa huru dhidi ya mtunzi ni kukubali kwamba kifo hakitasoma historia ya mtu kabla ya kumjia. Waliomlilia Walibora mwezi Aprili walikuwa na sababu ya kulielewa hilo mwezi Novemba. Dean alipoaga, nduguye hakufanya mapatano yoyote ya njia panda ili kumrudisha, kama ilivyokuwa desturi yao. Alimchoma juu ya kuni, akaondoka, akaishi, akazaa mtoto akampa jina Dean, akazeeka, akafa. Pete ya chuma ilikuwa imeondolewa na mti ukaachwa uanguke.

Utetezi huu haupaswi kuyafunika makosa. Kubwa ni lile la Castiel, malaika aliyekuwa nguzo ya tatu ya tamthilia tangu mwaka 2008. Katika kipindi cha 18 anamtamkia Dean kwamba anampenda, na mara hiyo hiyo anachukuliwa na giza. Dean hajibu lolote. Katika vipindi viwili vinavyofuata anatajwa kwa maneno machache, na mtazamaji anaarifiwa kijuujuu kwamba ameshiriki kuirekebisha mbingu. Msimu uliojitwika jukumu la kuwapa wahusika sauti yao ulimnyang'anya mmoja wao jibu alilolingoja kwa miaka 12. Hapo waandishi walitenda kama Chuck, na Korona haiwezi kubeba lawama hiyo yote. Wanawake nao hawakutendewa vyema. Tamthilia ilianza kwa mama kuteketea darini, ikaendelea kuwateketeza wengine mwaka baada ya mwaka, na ilipofika mwisho mke wa Sam alionekana kwa mbali tu, sura yake imefifia, kama mtu aliyepita nyuma ya picha ya wengine. Na kuhusu zile nywele za mvi alizovikwa Sam uzeeni, heri kunyamaza.

Mwisho wenyewe ni darajani. Ndugu wawili wanakutana upande wa pili wa mauti, wanasimama kwenye daraja, wanatazama mto. Haijulikani ni wangapi kati ya watazamaji wa Thika waliokuwa wamelivuka tena daraja la Chania wiki hiyo bila kusimamishwa na askari, lakini si rahisi kudhani kwamba waliitazama picha hiyo kama walivyoitazama watu wa Vancouver.

Linalosalia ni suala la nani atatunga kwa Kiswahili. Haifai kusingizia kwamba hadhira haipo au kwamba lugha haiwezi. Tanzania ilitoa filamu za kutisha za Mussa Banzi kama Nsyuka na Shumileta katika miaka ya 2000, kwa fedha kidogo na ubunifu mwingi, na zikanunuliwa. DJ Afro amewathibitishia Wakenya kwamba filamu ya kigeni ikisimuliwa kwa Kiswahili cha mtaani huwa kazi nyingine yenye uhai wake, na watu hujaa vibandani kumsikiliza yeye kuliko kumwangalia mwigizaji. Idara za Kiswahili zinaweza kuanza kwa kuukubali mdomo ule wa pili wa mwanafunzi: kumruhusu aandike tasnifu inayoiweka Mzingile kando ya msimu wa 15 bila kulazimika kuomba radhi katika dibaji, na kuwapa wanaosomea utunzi zoezi la kuandika msimu mmoja wa tamthilia wenye mwanzo uliojua mwisho wake. Chama nacho kina wanachama wanaoweza kuigiza. Kinachokosekana aghalabu ni muswada.

Na ikiwa mada inatafutwa, mugumo upo. Una mtabiri, una wageni wa kutisha, una pete ya chuma na radi. Mtunzi wake atakumbana mapema na tatizo lile lile lililomkumba Kripke, kwa sababu mahali pa wazi pa kufungia hadithi ni mwaka 1963, mti unapoanguka na bendera inapopandishwa. Hapo hadhira itapiga makofi. Lakini utabiri ulisema wageni wataondoka; haukusema mashamba yatakwenda kwa nani, na viungani mwa Thika mananasi ya kampuni kubwa yangali yanaota hadi upeo wa macho. Mjini humo kuna mtaa unaoitwa Landless, yaani mtaa wa wasio na ardhi. Mtunzi huyo hana budi kupita huko kabla hajaandika kipindi chake cha mwisho.